Inalia Safi

Jumatatu, 3 Machi

Injinia,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Nimeitikia mapema ili tusipotezeane muda.

Leo asubuhi nimekwenda darajani kama ninavyokwenda kila Jumatatu tangu nistaafu, kukaa tu pale getini na kuangalia. Nikakuta kibao cha zamani kimeng'olewa. Kile kilichosema mwisho tani kumi, nilichokipaka rangi kwa mkono wangu mara ngapi sijui, kimetupwa kwenye nyasi. Badala yake wamebandika karatasi ndani ya nailoni: kuanzia Jumamosi tarehe 29 Machi, daraja litapitisha malori ya tani thelathini ya kiwanda kipya cha saruji cha ng'ambo. Chini yake muhuri wa ofisi kuu. Chini ya muhuri, saini. Hiyo saini naijua. Mwenye nayo nilimfundisha mimi kushika penseli.

Umesaini wewe! Umekuja lini kukagua? Mguu wako haujakanyaga lile daraja tangu harusi ya binamu yako, na siku ile ulivaa viatu vya kisigino, hukushuka hata kwenye gari.

Basi nikwambie nilichokiona mimi nisiye na digrii. Nimeshuka ukingoni nikasimama kwenye mawe, chini ya kipande cha tatu, pale mto unapopita kwa kasi. Kiungo cha saba, pale vyuma vitano vinapokutana na kushikwa na zile pini nene za ribiti, kinatoa kutu. Sisemi kutu ya juu juu ya kupangusa na kupaka rangi. Nasema mistari myekundu inayotiririka kutoka chini ya vichwa vya ribiti. Ribiti iliyokaza haitoi kitu. Ikilegea inasaga chuma kila gari linapopita, inatoa unga mwekundu, mvua inaushusha. Hayo nilikufundisha ukiwa na miaka minane, tena uliyashika kuliko jedwali la kuzidisha.

Miaka thelathini na moja nimelitunza daraja lile. Nimeondoka miaka miwili tu, mmeshaliua. Mmempa Mpaka Rangi, mtu niliyemwajiri mimi hajui kushika brashi, sasa anajiita mtunzaji na anatembea na funguo kiunoni. Na mama yako anavuka pale kwa miguu kila asubuhi kwenda kuzalisha watu kwenye zahanati ya ng'ambo. Ulimfikiria hata kidogo ulipokuwa unachovya kalamu?

Futa saini yako.

Na usinipigie simu. Andika, umpe kondakta wa basi kama kawaida. Maneno ya simu yanapeperuka, mimi nataka kitu cha kushika mkononi.

Baba yako,
Sikio


Alhamisi, 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu Mama alinilea vizuri, vinginevyo barua hii ingeanza vingine kabisa.

Nimekupigia simu mara tisa tangu jana. Mara tisa! Mama anapokea, anasema uko bafuni. Baba, unaoga mara tisa kwa siku? Miaka nenda miaka rudi nikipiga uko bafuni, uko shambani, umelala, umetoka sasa hivi. Halafu unaniletea barua ya kunivua nguo kwa mkono wa kondakta, na bahasha hukuifunga vizuri, na kondakta ameisoma. Najua ameisoma kwa sababu aliponikabidhi alinipa pole.

Mimi si mtoto. Nina miaka thelathini na sita, na sikusaini huku nimefumba macho. Kwa wiki sita nimepiga hesabu ya kila chuma cha daraja lile, cha juu na cha chini. Hesabu zinabeba tani thelathini na bado inabaki akiba. Hali ya vyuma vyenyewe nimeitoa kwenye kumbukumbu za ukaguzi, na katika madaraja yote kumi na tisa tunayoyasimamia hakuna lenye kumbukumbu safi kama hilo. Hakuna! Kwa hiyo mambo ya viatu vya kisigino achana nayo.

Nikwambie ninavyoona mimi? Huna ugomvi na daraja. Una ugomvi na Mpaka Rangi kwa sababu amekalia kiti chako. Una ugomvi na Mkurugenzi wangu kwa sababu ametuma kadi za sherehe ya kuyapokea malori na yako haikufika. Ofisi nzima hapa bado wanakutaja, Sikio, mtu aliyegonga ribiti kwa nyundo na kusikia ugonjwa wake kama daktari. Nilijua kustaafu kungekuuma, ila sikujua kungekufanya uanze kunitukana mimi. Ukishakasirika unatia pamba masikioni, hakuna la mtu unalolisikia.

Kutu nitamwambia Mpaka Rangi aipitishie brashi.

Binti yako,
ambaye kwa sasa inaonekana ni Injinia tu


Jumatatu, 10 Machi

Injinia,

Usinitajie masikio. Taja mvi zangu, taja tumbo langu, taja lolote unalotaka. Masikio yangu yaache.

Nilipoisoma barua yako nilivaa buti nikaenda kupanda. Ndiyo, kwa umri huu. Nimepita kile kijia cha mbao cha wapaka rangi, kilicho chini ya barabara, mpaka kipande cha tatu. Mpaka Rangi alinikimbilia amejifunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya harufu ya rangi, anaongea, anaongea, anarusha mikono, sijui alikuwa anasema nini na sikutaka kujua. Nikampita.

Kiungo cha saba kina ribiti arobaini na nne. Nimezihesabu moja moja kwa chaki. Kumi na moja zinatoka machozi mekundu. Nimepitisha kidole chini ya moja nikapata unga huu niliokuwekea kwenye kikaratasi. Kifungue taratibu, usiumwage kwenye meza yako nzuri.

Kumbukumbu safi? Kumbukumbu za nani? Mpaka Rangi hajui kuandika hata jina la rangi iliyo kwenye kopo aliloshika. Ni nani huyo aliyekuandikia kwamba kiungo cha saba ni kizima? Nitajie jina lake nimfuate nyumbani kwake. Nimshike ukosi nimlete pale chini nimwonyeshe, halafu anieleze kwa mdomo wake alichokuwa anafanya wakati anaandika.

Sherehe yenu siitaki. Nataka jina.

Baba yako,
Sikio


Alhamisi, 13 Machi

Baba,

Shikamoo.

Unataka jina. Nakupa.

Karatasi tisa zilizomo humu ni nakala za daftari la ukaguzi, karatasi moja kwa mwaka. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa kipande cha tatu, kiungo cha saba. Mwaka wa kwanza: "Inalia safi." Wa pili: "Inalia safi." Wa tatu, wa nne, mpaka wa tisa: "Inalia safi." Mwandiko unaujua. Ile "f" yenye mkia mrefu umeniachia hata mimi. Mpaka Rangi hajawahi kukikagua kiungo kile. Daftari lake la miaka miwili lina maneno matatu tu, "kama alivyoandika Sikio."

Unga wako nilimpelekea mtu wa maabara. Akauweka kwenye mashine yake, akaniuliza nimeutoa wapi, nikasema usijali. Akasema usagaji huu si wa miaka miwili. Ni wa miaka kumi, labda na zaidi. Nilitoka pale nikaenda kukaa kwenye ngazi za jengo kama mtu aliyefukuzwa nyumba.

Kuna jambo sikukwambia. Mwezi wa kwanza Mkurugenzi mwenyewe alitaka tukodi mashine ya kupima ribiti. Ni mimi niliyekataa. Nilisimama mbele ya watu kumi na wawili nikasema daraja lile halihitaji mashine, lilisikilizwa na baba yangu. Walipiga makofi. Nilikaa chini nimevimba kichwa, nikasaini wiki ile ile.

Sasa nijibu, na safari hii usinizungushe. Kinachosema uongo ni macho yako au ni daftari lako? Kama ni macho, tulia ule pensheni yako uniache nifanye kazi. Kama ni daftari, basi kwa miaka tisa ulikuwa unafanya nini pale juu, Baba? Ulikuwa unafanya nini?

Nati


Jumanne, 18 Machi

Mwanangu Nati,

Nakuandikia nikiwa zahanati. Kuna mama mmoja ana uchungu tangu alfajiri lakini njia bado, kwa hiyo nina kama nusu saa, usinitegemee maneno mazuri.

Baba yako hasikii.

Sisemi hasikii la mtu. Nasema masikio yake hayafanyi kazi. Mwaka wa kumi na moja huu. Ile nyundo yake ya miaka yote imeyamaliza, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Amebaki na ngurumo tu, za radi na za malori. Mimi nikisikia hodi nakanyaga sakafu mara mbili ili mbao zimtikise miguuni, ndipo anainua kichwa na kusema karibu. Midomo yangu anaisoma kama gazeti. Yako haiwezi kwa sababu unaongea mbio mno. Simu ndiyo hiyo ya bafuni. Unadhani nilifurahia kukudanganya? Alinilisha kiapo, nami nikala, maana mtu anayeitwa Sikio utamtoaje mbele za watu ukasema ni kiziwi?

Aliniambia anazijua ribiti kwa mkono, anagusa na kuzihisi. Nikaamini. Nilifikiri nafunika aibu ya mume wangu nyumbani kwangu, jambo la watu wawili. Kumbe nilikuwa nafunika ugonjwa wa daraja, na huku navuka juu yake kila siku na kikapu changu kichwani. Nimejikasirikia mno.

Tangu karatasi zako tisa zifike hajakaa mezani kula. Amezipanga kitandani kwa mstari, anazitazama. Nimewakasirikia nyote wawili. Yeye kwa kiburi chake. Na wewe, mtu mzima na digrii zako ukutani, unaambiwa kuna mashine unajibu nina baba! Ndivyo walivyokufundisha kule?

Usimwambie kwamba nimekwambia. Akikwambia mwenyewe, jitie hamnazo.

Naitwa, kichwa cha mtoto kimeonekana.

Mama


Jumatano, 19 Machi

Nati,

Nimerudi kukuita Nati. Hilo la Injinia nilikuwa nakukejeli. Nati ni yule mtoto wa miaka mitatu aliyeficha nati ya bolti mdomoni, mama yake akamning'iniza miguu juu kichwa chini hadi ikatoka, naye akalia kwa sababu anaitaka nati yake.

Umeuliza kinachosema uongo ni kipi. Ni daftari.

Mimi ni kiziwi. Nimeliandika. Hiyo kalamu imegoma mara tatu.

Siku ya kwanza nilidhani nyundo ndiyo mbovu. Nilifika kipande cha kwanza asubuhi, nikagonga, chuma kikanyamaza. Ribiti nzima inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya chungu chenye ufa, na mimi sikupata kengele wala chungu. Nikashuka nikaenda kununua nyundo nyingine. Hebu nifikirie, mtu mzima, nimesimama dukani nagonga nyundo mpya kwenye sakafu ya saruji, muuza duka ananitazama na mimi naitazama nyundo.

Basi nikajifunza mkono. Unagonga upande huu, kiganja kiko upande wa pili. Iliyolegea unaihisi inacheza. Nakuapia nilikagua hivyo daraja zima, na nilipata mbovu nyingi na zikabadilishwa. Lakini kiungo cha saba cha kipande cha tatu ni kipana, mkono haufiki upande wa pili. Kinataka watu wawili, mmoja agonge, mwingine asikilize. Na Mpaka Rangi alikuwa pale pale, hatua sita kutoka kwangu, na masikio yake mawili mazima! Ningemwambia tu, wewe, njoo unisikilizie. Maneno matatu. Sikuyasema, kwa sababu ningeyasema yeye angejua, na jioni kijiwe kizima kingejua, na kesho ningekuwa mzee wa kukaa nyumbani. Nikaandika inalia safi kwa sababu vingine vilikuwa safi. Mwaka wa pili nikaandika kwa sababu nilishaandika mwaka wa kwanza. Baada ya hapo sikufikiria tena, nilikuwa napita tu na kalamu, na rangi tuliyopaka kila mwaka ilifunika kutu.

Nilipoona ile kutu nilitaka kumshika mtu ukosi. Nilijua ni ukosi wa nani, nikakupakazia wewe.

Chukua barua hii umpelekee Mkurugenzi wako. Mwambie aisome kwa sauti mbele ya wale kumi na wawili waliopiga makofi. Wakinipeleka mahakamani nitakwenda. Lakini lori hata moja lisipite.

Baba yako,
Sikio (jina hili sijui nilifanyie nini)


Jumamosi, 22 Machi

Baba,

Shikamoo.

Mama ameniambia nijitie hamnazo. Sitajitia. Nilijua siku moja kabla ya barua yako kufika, na kujitia hamnazo ndiko kulikotufikisha hapa, familia nzima.

Mkurugenzi ameisoma barua yako mbele yangu. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akasema, "Kiziwi anatoa ushahidi wa sauti." Akaitia kwenye droo akafunga kwa ufunguo. Nikampa barua yangu ya kufuta saini, akakataa kuigonga muhuri wa kupokelewa. Kadi zimeshakwenda, mahema yameshakodiwa, malori sita yatavuka kwa pamoja, moja nyuma ya jingine, wageni wakipiga picha. Amesema saini yangu ndiyo inayofungua daraja na si mapenzi yangu. Nilimwita jina ambalo hukunifundisha wewe. Nimeambiwa nisikanyage ofisini hadi bodi ikae tarehe 31. Sherehe ni tarehe 29! Nimekwenda kwenye milango mitano, yote inaniambia Jumatatu.

Nina hasira na wewe, Baba, naandika nimesimama. Ningeweza kusamehe uziwi, nani asingeusamehe? Ungeniambia ningekununulia vifaa, ningejifunza kuongea polepole, ningekuandikia kila siku ya Mungu. Lakini uliniacha nikatembea mjini miaka yote hii najivunia kitu ambacho hakipo. Nilikaribia kuua watu kwa kujivunia wewe. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Halafu huko darajani sina mtu mwingine, nina wewe tu. Hakuna atakayeamini maneno yangu wala masikio yako. Fanya kitu cha kuonekana kwa macho. Fanya watu waone.

Nati


Jumapili, 30 Machi

Nati,

Nakueleza kwa mpangilio, mama yako anasoma begani kwangu na atanikatiza nikitia chumvi.

Ijumaa asubuhi nilimwendea Mpaka Rangi nyumbani kwake. Nikamwambia mlangoni, mimi sisikii, ni mwaka wa kumi na moja. Akanitazama. Akasema kitu, nikamwambia sema polepole unitazame usoni. Akasema, "Mzee, nilijua." Nati! Alijua! Alinyamaza kwa heshima. Nilimtukana kwa hiyo heshima yake mpaka akakaa chini, halafu nikamwomba makopo mawili ya rangi nyeupe. Alileta manne, na kamba za kujifungia.

Msikilizaji alikuwa mama yako. Amekuja na kile kipembe chake cha mbao, cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Amejifunga kanga kiunoni, amepita kile kijia akiwa ameshika kamba kwa meno, sijui kwa nini kwa meno, mikono ilikuwepo. (Mikono ilikuwa imeshika kipembe na daftari. Mama.) Mimi nikawa upande huu na nyundo, yeye upande wa pili ameweka kipembe kwenye kichwa cha ribiti na sikio kwenye kipembe. Nagonga, namtazama. Ikiwa nzima anatikisa kichwa kukubali. Ikiwa imelegea ananiambia kwa midomo, "Huyu amekufa." Siku nzima hivyo. Katika arobaini na nne, waliokufa ni ishirini na sita. Mimi kwa macho niliona kumi na moja. Kila aliyekufa nimempiga msalaba mweupe mkubwa, na vyuma vyote vitano vinavyokutana pale nimevizungushia nyeupe mpaka juu barabarani, ili dereva aone akiwa kwenye kiti chake.

Kisha nikaenda kwenye nyasi nikachukua kile kibao changu cha zamani, nikakigeuza. Mgongoni nikaandika kwa herufi za shubiri nzima: MIMI NAITWA SIKIO. SISIKII MWAKA WA KUMI NA MOJA. NILIANDIKA DARAJA HILI NI ZIMA BILA KULISIKIA. KATIKA KIPANDE CHA TATU, KIUNGO CHA SABA, RIBITI 26 KATI YA 44 ZIMEKUFA. Nikakisimamisha getini. Mpaka Rangi alishika ngazi.

Jana wamekuja. Mahema, viti vya plastiki, spika kubwa nilizozihisi tumboni. Malori sita yamepanga mstari. Wasaidizi wa Mkurugenzi walikimbilia kibao, lakini Mpaka Rangi alikuwa amekifunga kwa bolti na akasema ufunguo ameupoteza. Wakakifunika kwa bendera ya sherehe. Upepo wa mtoni ukaifunua. Wakafunika tena. Kwa hiyo kila mtu akageuka kutazama kinachofunikwa.

Dereva wa lori la kwanza alishuka. Alisoma kibao chote, anafuata kwa kidole. Akatembea peke yake hadi kipande cha tatu, akainama, akatazama ile misalaba muda mrefu. Akarudi, akapanda, nikafikiri basi, anaondoka. Akazima injini. Niliona moshi unakatika. Akachomoa ufunguo, akaenda kukaa barabarani mbele ya gurudumu lake. Wa pili akazima. Wa tatu. Wote sita. Mkurugenzi wako alifoka, mdomo wake ni mkubwa na nilimsoma kila neno, sitakuandikia. Mama yako anasema alipowaambia madereva hilo ni wazimu wa mzee mmoja, yule wa kwanza alimjibu, "Basi chukua ufunguo uendeshe wewe." Alimnyooshea kabisa. Mkurugenzi akautazama ufunguo mbele ya wageni wote na hakuuchukua.

Saa tisa polisi waliokuja kulinda sherehe wamelifunga daraja kwa magari yote. Kwa miguu tu.

Leo watoto wa shule wamesimama getini wanasoma kibao kwa pamoja, niliona midomo yao. Kijiweni nilipopita, watu niliokula nao miaka thelathini wameinamia vikombe vyao. Mmoja ambaye binti yake anapanda basi la kila siku alinitemea mate miguuni. Angeweza kutema juu zaidi.

Baba yako


Ijumaa, 4 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Kondakta ameleta barua yako. Basi linaishia ukingoni sasa, alivuka kwa miguu na begi la barua kichwani, na safari hii hakunipa pole. Alisema mwambie mzee hasira zangu zimepungua robo.

Nimesimama mbele ya bodi. Wamenisimamisha kazi. Nashtakiwa kwa kusaini bila kukagua, na ni kweli, sikukagua. Mkurugenzi amesema hajawahi kuona barua yoyote kutoka kwako, na droo yake imekutwa tupu. Kesi yenyewe ni tarehe 14. Watanivua uhandisi au wataniachia, sijui. Bila wewe itakuwa neno langu kwa neno lake.

Nakuomba uje useme yaliyokuwa kwenye barua ile. Najua maana yake. Utakaa kwenye chumba chenye meza ndefu na watu saba watakaokuuliza bila kukutazama usoni, wengine wakiinamia makaratasi, na hutasikia hata moja. Nitakaa kando yako na karatasi nikuandikie kila wanachouliza.

Usifikiri nimekusamehe. Nimelia niliposoma Mama na kipembe, kisha nikakumbuka zile karatasi tisa nikakasirika upya, na ndivyo ninavyoshinda, huku na huku. Nitakupokea kituoni nikiwa hivyo hivyo.

Nati


Jumapili, 6 Aprili

Nati,

Marahaba.

Nitakuja. Mama yako anakuja pia na kipembe chake, anasema huenda pale mezani kuna wa kusikilizwa kama wana moyo.

Njoo kituoni na hasira zako, sikukwambia uziache nyumbani.

Ila kwa hilo la kuniandikia nina sharti moja. Kila swali liandike hivyo hivyo walivyolisema. Wakiniita mwongo, andika mwongo. Wakiuliza ni watu wangapi wangeingia mtoni, andika idadi waliyoitaja, usiipunguze hata mmoja. Wakisema jambo juu yako kwa sababu yangu, hilo ndilo uandike kwa herufi kubwa kuliko yote. Nitakuwa natazama midomo yao na nitatazama mkono wako. Usiniandikie inalia safi.

Baba yako